Kwa nini ramani ya ardhioevu yenye usahihi wa asilimia 96 huacha mabonde mengi nje

Swali la msomaji: Nimepewa jukumu la kuandaa ramani inayoonesha mtawanyiko wa ardhioevu katika nchi nzima. Nilikusanya picha za setilaiti za Sentinel-2 za miezi ya kiangazi kwa kuwa hazina mawingu mengi, nikatengeneza picha moja kwa kuchukua thamani ya katikati ya kila pikseli (kijiraba kimoja cha picha), kisha nikaifunza programu kutambua ardhioevu kwa maeneo niliyoyachora mwenyewe kwenye kompyuta. Majaribio yalinipa usahihi wa asilimia 96. Nilipoipeleka kwa maofisa wa wilaya, wengi walisema kwamba mabonde wanayoyajua hayamo, na kwamba baadhi ya mashamba yao yamepakwa rangi ya kinamasi. Kosa liko wapi? Je, nianze upya? Na mkuu wangu akitaka jumla ya hekta, nimpe namba ipi?

Jibu: Ndugu muulizaji, maofisa wa wilaya wana hoja, na inawezekana kabisa kwamba asilimia 96 yako nayo ni ya kweli. Mambo hayo mawili hayapingani, na sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa kueleza jinsi yanavyokaa pamoja. Ramani yako imechora mahali palipokuwa na maji au majani mabichi katika miezi uliyoichagua, ilhali ulichoombwa ni kuchora mahali ambapo maji hurudi na kukaa muda wa kutosha hata udongo na mimea vikabadilika kwa sababu yake. La kwanza ni hali ya siku chache. La pili ni tabia ya mahali, na tabia haijulikani kwa kutazama mara moja.

Naomba nianze na maana ya neno lenyewe, kwa sababu ramani nyingi za nchi huharibika hapo kabla picha ya kwanza haijafunguliwa. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, na ambao sasa una nchi wanachama zaidi ya 170, huihesabu ardhioevu kwa upana mkubwa: vinamasi, mabonde ya nyasi yanayotuamisha maji, ardhi ya peti (udongo wa mabaki ya mimea), na maji yenyewe, yawe ya asili au yaliyotengenezwa na watu, ya kudumu au ya msimu, yaliyotuama au yanayotiririka, matamu au ya chumvi, pamoja na maji ya bahari ambayo kina chake wakati wa maji kupwa hakizidi mita 6. Kwa msingi wa maana hiyo zimeorodheshwa aina 42, na humo yamo mashamba ya mpunga, mabwawa ya kufugia samaki, mashamba ya chumvi na hata mifereji. Kwa hiyo ofisa anayelalamika kwamba umelipaka shamba la mpunga rangi ya ardhioevu huenda haoneshi kosa la programu. Huenda anaonesha kwamba wewe na yeye hamkukubaliana kuhusu neno. Andika kwenye ukurasa mmoja, kabla ya hatua nyingine yoyote, ni aina zipi zinahesabiwa katika ramani yako, zipi hazihesabiwi, na ni eneo la ukubwa gani ambalo chini yake hutachora. Kuhusu hilo la mwisho, pikseli ya Sentinel-2 yenye upande wa mita 10 inafunika mita mraba 100, na ile ya setilaiti za Landsat yenye upande wa mita 30 inafunika mita mraba 900. Ukanda wa matete wenye upana wa mita 15 kandokando ya kijito hupotea wote katika Landsat na huonekana kwa shida katika Sentinel-2. Mimi binafsi sishuki chini ya nusu hekta katika ramani ya nchi nzima, na ninaliandika hilo pembeni ya ramani ili mwenye chemchemi yenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu asidhani kwamba amedharauliwa.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho ni wakati. Umechagua kiangazi kwa sababu anga huwa safi, na sababu hiyo inaeleweka, lakini imekuletea makosa mawili kwa mpigo. La kwanza ni kuacha. Katika nchi zenye msimu wa mvua na msimu wa ukavu, ardhioevu nyingi ni za msimu: dambo za Zambia na Malawi, yaani yale mabonde mapana yasiyo na miti kwenye vyanzo vya mito, huwa na nyasi zilizokauka au kuungua ifikapo mwisho wa kiangazi, na mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura unapolowa na kupasuka nyufa unapokauka, huonekana kwenye picha ya miezi hiyo kama malisho ya kawaida. Kosa la pili ni kuongeza. Kiangazi kinapokausha kila kitu, programu hujifunza kwamba chochote kilichobaki kijani ni kinamasi, na hapo mashamba ya miwa yanayomwagiliwa, bustani za kandokando ya mito na misitu isiyopukutisha majani huingia kwenye rangi ileile. Malalamiko yote mawili ya maofisa wako yana chanzo kimoja.

Thamani ya katikati nayo ilizidisha tatizo, na hata ungetumia picha za mwaka mzima ingekudhuru bado. Fikiria pikseli iliyoonwa bila mawingu mara 10 kwa mwaka, na katika mara hizo ikawa na maji mara 2. Thamani ya katikati itachukua hali ya zile mara 8, na yale maji hayataacha hata alama. Njia hiyo ni nzuri sana kwa kusafisha picha za mji au msitu, kwa sababu kinachojitokeza mara chache huko huwa ni wingu au kivuli. Kwenye ardhioevu kinachojitokeza mara chache ndicho unachokitafuta. Badala ya kuunda picha moja, hesabu. Kwa kila pikseli weka idadi ya mara ilipoonekana vizuri na idadi ya mara ilipokuwa na maji au unyevu, kisha gawanya. Matokeo yake ni ramani ya marudio, ambayo inakuambia kwamba hapa maji hukaa mwaka mzima, hapa hukaa theluthi ya mwaka, na hapa yalipita mara moja tu kwa mafuriko ya ajabu.

Kazi ya namna hiyo imeshafanyika kwa dunia nzima. Mwaka 2016 watafiti wa kituo cha pamoja cha utafiti cha Tume ya Ulaya walichapisha ramani ya maji ya juu ya ardhi iliyotokana na picha za Landsat zipatazo milioni 3 za tangu mwaka 1984 hadi 2015, na inapatikana bure. Ichukue, lakini ichukue kama kiwango cha chini kabisa, kwa sababu inaona maji yaliyo wazi tu. Maji yaliyofunikwa na mafunjo, matete au miti hayamo, na kwa ardhioevu nyingi za nchi za joto hayo yaliyofunikwa ndiyo mengi.

Usidhani pia kwamba msimu wa mvua wa mahali ndio msimu wa maji wa mahali hapo. Mvua zinazojaza delta ya Okavango nchini Botswana hunyesha katika nyanda za juu za Angola, na maji husafiri kwa miezi hadi kufika sehemu za chini za delta katikati ya mwaka, wakati Botswana yenyewe iko katika ukavu. Aliyechagua picha za msimu wa mvua wa pale angelikosa furiko lenyewe. Kabla ya kuchagua miezi, chukua takwimu za vipimo vya mito kwa kila bonde kuu na uangalie kina kinafika juu kabisa lini. Kalenda moja ya nchi nzima haitoshi, hasa nchi ikiwa na mito inayotoka nje ya mipaka yake.

Miaka nayo inatofautiana. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, mtiririko wa Nile Nyeupe ukaongezeka, na vinamasi vya Sudd katika Sudani Kusini ya leo vikapanuka sana na kubaki vimepanuka kwa miaka mingi baadaye. Mtu aliyechora Sudd mwaka 1955 na mwingine aliyeichora mwaka 1970 wangebishana bila mwisho, na wote wawili wangekuwa wamechora vizuri. Kwa ramani ya nchi napendekeza angalau miaka 5 ya picha, mmoja wao ukiwa wa mvua nyingi na mwingine wa ukame, na miaka hiyo iandikwe kwenye ramani yenyewe.

Kuhusu mawingu, ambayo ndiyo yaliyokusukuma kwenye kiangazi, jibu lake ni rada. Setilaiti ya kwanza ya Sentinel-1 ilirushwa Aprili 2014, na data zake ni bure kama zile za Sentinel-2. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza yanayorudi, hivyo hufanya kazi usiku na mchana, kukiwa na mawingu au la. Uso wa maji yaliyotulia huyatupa mawimbi upande wa pili, na kwa hiyo huonekana mweusi. Mashina yaliyosimama ndani ya maji hufanya kinyume: wimbi hugonga uso wa maji, likagonga shina, likarudi lilikotoka kwa nguvu, na hapo mahali pakawa peupe kuliko pangekuwa pakavu. Ukitazama mfululizo wa picha za rada wa mwaka mzima, bonde la mafuriko hujitambulisha lenyewe kwa namna mwanga wake unavyopanda na kushuka, na huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko mwingine wowote unaotoka angani.

Rada ina mipaka yake, na ni vizuri uijue mapema. Wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa takribani sentimita 5.6, na wimbi fupi kiasi hicho huishia kwenye majani ya juu. Chini ya mafunjo yaliyosongamana au msitu mnene halifiki majini. Kwa maeneo hayo unahitaji wimbi la takribani sentimita 24, kama la setilaiti za Japani za ALOS, au la NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025. Mchanga mkavu, barabara pana za lami na viwanja vya ndege huonekana vyeusi kama maji; upepo ukipiga ziwa hulifanya jeupe; na vivuli vya milima hudanganya kila mwaka wanafunzi wapya. Kwa hiyo rada haitumiki peke yake.

Kinachoiongoza ni umbo la nchi. Maji hukaa pale ardhi inapoyaruhusu kukaa, na kwa hilo modeli ya mwinuko, yaani data za urefu wa ardhi kwa kila pikseli, ni msaada mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kipimo ninachokitumia zaidi ni urefu wa kila pikseli juu ya mkondo wa maji ulio karibu nayo kwa njia ambayo maji yangetiririka. Mahali palipo mita 40 juu ya mto wake, penye mteremko, hapawezi kuwa bonde la mafuriko hata pakiwa na majani mabichi kiasi gani, na kwa sharti hilo moja utaondoa mashamba mengi ya mlimani yaliyopakwa rangi kimakosa. Angalizo ni kwamba modeli inayotumiwa sana, iliyotokana na vipimo vya rada vya chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ilipima vilele vya miti mahali penye miti. Msitu wa kinamasi ulio katikati ya uwanda huonekana ndani yake kama kilima chenye kingo zilizosimama, na programu isiyoonywa hutangaza kwamba pale ni pakavu.

Mfano unaonipa moyo katika kazi hii unatoka kwenye bonde la Kongo. Mwaka 2017 Greta Dargie, Simon Lewis na wenzao walichapisha ramani ya ardhi ya peti ya Cuvette Centrale, katika Jamhuri ya Kongo na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye takribani kilomita za mraba 145,500 na kaboni ipatayo tani bilioni 30. Peti ni mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza kabisa kwa sababu hewa haikuyafikia, na pale yamefikia kina cha karibu mita 6 katika baadhi ya sehemu. Eneo hilo ni kubwa kuliko nchi nyingi, nalo lilikuwa linapigwa picha na setilaiti tangu miaka ya 1970, lakini kwa juu lilionekana ni msitu tu. Lilitambuliwa kwa kuunganisha mwinuko, picha za kawaida na rada ya wimbi refu, na zaidi ya yote kwa watu kutembea ndani ya kinamasi kwa siku nyingi wakitoboa udongo kwa mkono, mita baada ya mita. Setilaiti ilisema wapi pa kwenda. Jibu lilitoka kwenye tope.

Pwani nitapita haraka. Mikoko ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu hukaa kijani mwaka mzima, hukaa penye chumvi, na zipo ramani za dunia zilizochorwa vizuri, hasa zile za Global Mangrove Watch. Zihakiki na uzitumie, usizichore upya. Ugumu uko kwenye fuo za matope na majani ya bahari. Setilaiti za picha hupita mahali pamoja saa ileile ya siku, na kupwa kwa bamvua nako mahali pamoja huangukia takribani saa zilezile. Kuna pwani ambazo saa hizo mbili hukutana na nyingine ambazo hazikutani kamwe. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuteua picha, kisha andika kina cha maji cha saa ile kwenye kumbukumbu ya kila picha.

Turudi kwenye udongo, kwani huko ndiko utakapomaliza ubishi kati yako na maofisa wa wilaya. Udongo uliokaa majini muda mrefu hukosa hewa, na chuma kilichomo hubadilika. Rangi nyekundu au kahawia huondoka, ukabaki ukijivu, wakati mwingine wenye madoa ya kutu kando ya vijia vya mizizi ambamo hewa iliingia. Toboa kwa kekee ya udongo hadi sentimita 50, linganisha na kitabu cha rangi za udongo cha Munsell, na utajua tabia ya mahali hata ukifika katikati ya ukame. Alama hizo hubaki muda mrefu sana baada ya maji kuondolewa. Ndiyo maana shamba ambalo mwenyewe anakuapia kwamba halijawahi kuwa kinamasi linaweza kuwa na udongo wa kijivu chini ya mahindi: lilikaushwa kwa mifereji na kizazi kilichotangulia. Mahali pa namna hiyo pasiitwe kosa wala pasichanganywe na ardhioevu hai. Paandaliwe tabaka lake, la ardhioevu iliyobadilishwa, kwa kuwa serikali itakayotaka kurejesha mabonde siku moja itaanzia hapo. Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za ndege, zina alama za vinamasi ambavyo leo havipo, na ni kumbukumbu ya thamani kubwa kwa tabaka hilo.

Ukiwa huko, waulize wakazi, na uwaulize vizuri. Ukimuuliza mchungaji kama pale ni ardhioevu atakujibu analodhani unataka kulisikia, hasa akihofu kwamba jina hilo litamnyima malisho. Muulize maji hufika wapi mwaka wa kawaida, hukaa wiki ngapi, ng'ombe huhamishwa lini, mitego ya kambare huwekwa wapi, na majani ya kusukia mikeka hukatwa wapi. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii niliwahi kupinga kwa jeuri mstari aliouchora mvuvi mzee kwa kijiti mchangani, kwa sababu picha zangu hazikuonesha maji upande ule. Nilipopata picha za rada za mwaka wa mvua nyingi, ukingo wa maji ulifuata mstari wake karibu kikamilifu. Majina ya mahali nayo ni ushahidi, kwani watu hawaiti mahali jina la chura, la mafunjo au la matope bila sababu.

Sasa asilimia 96. Kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza, ulichora maeneo ya mafunzo mwenyewe, kisha, nadhani, programu ikatenga sehemu ya pikseli hizohizo kwa majaribio. Pikseli mbili zilizo jirani ndani ya kinamasi kimoja zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Ukifunza kwa moja na kujaribu kwa nyingine, unapima kumbukumbu ya programu, wala hupimi ujuzi wake. Zaidi ya hayo, mtu anayechora kwa mkono huchagua sehemu zilizo wazi na kuruka kingo zenye utata, na ramani ya ardhioevu huishi au kufa kwenye kingo. Majaribio ya kweli yanahitaji pointi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu katika nchi nzima, zisizohusiana na mafunzo.

La pili ni hesabu, na naomba uifuate taratibu. Tuseme nchi ina kilomita za mraba 200,000, na ramani imepaka 12,000, yaani asilimia 6, rangi ya ardhioevu. Ramani tupu, isiyochora ardhioevu hata moja, ingekuwa na usahihi wa zaidi ya asilimia 93 katika nchi hiyo! Tuseme basi umechagua kwa nasibu pointi 300 ndani ya rangi na pointi 500 nje yake, ukazihakiki zote. Ndani ukakuta 240 ni ardhioevu kweli, sawa na asilimia 80. Nje ukakuta 10 ambazo ni ardhioevu iliyoachwa, sawa na asilimia 2. Asilimia 2 inaonekana ndogo, lakini ni asilimia 2 ya kilomita za mraba 188,000, yaani 3,760. Ukijumlisha na asilimia 80 ya 12,000, ambayo ni 9,600, unapata 13,360. Usahihi wa jumla wa ramani hiyo ni karibu asilimia 97, na bado imeacha nje kilomita za mraba 3,760 kati ya 13,360, zaidi ya robo ya ardhioevu yote ya nchi. Hivyo ndivyo wewe na maofisa wako mnavyoweza kuwa wakweli kwa pamoja. Katika ripoti yako acha kutanguliza usahihi wa jumla. Andika kiasi gani cha ulichokipaka ni cha kweli, na kiasi gani cha kilichopo umekipata.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali la mkuu wako. Usimpe idadi ya pikseli zilizopakwa rangi, kwa sababu imebeba makosa yote ya ramani. Mpe makadirio yaliyotokana na sampuli, pamoja na wigo wake: katika mfano wetu ni kilomita za mraba 13,360, na kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 wigo ni takribani 2,400 juu au chini. Najua wakuu hupenda namba moja. Lakini miaka 5 baadaye mtu mwingine atachora tena, atapata 12,500, na bila wigo huo magazeti yatatangaza kwamba nchi imepoteza ardhioevu ambayo pengine haikupotea, au, jambo baya zaidi, upotevu wa kweli utafichwa ndani ya kelele za vipimo.

Utaona kwamba karibu mashaka yote ya mfano wetu yanatoka kwenye zile pointi 10 za nje. Njia ya kuyapunguza ni kuligawa eneo la nje mara mbili kabla ya kuchagua pointi: nyanda za chini zilizo karibu na mito na mabonde, ambako kuacha kunawezekana sana, na milima na miinuko, ambako hakuwezekani. Weka pointi nyingi kwenye nyanda za chini na chache kwenye miinuko. Pointi ni zilezile 800, gharama ni ileile, lakini wigo utakuwa mwembamba zaidi. Hakikisha pia kwamba maeneo yanapimwa kwenye makadirio ya ramani (namna ya kuihamisha dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) yanayotunza ukubwa. Makadirio yanayotumiwa na ramani nyingi za mtandaoni huongeza eneo kwa takribani asilimia 3 kwenye latitudo ya nyuzi 10, na kwa theluthi nzima kwenye nyuzi 30.

Je, uanze upya? Hapana. Maeneo uliyoyachora bado yanafaa kufunzia, mradi uondoe yaliyochorwa kwa kijani cha kiangazi peke yake. Programu uliyotumia sina ugomvi nayo. Nimeona watu wakibadilisha algoriti mara nne kwa matumaini ya kupata asilimia 2 zaidi, huku picha walizoilisha zikiwa za miezi isiyofaa. Ongeza marudio ya maji ya miaka 5, mfululizo wa rada wa kila mwezi, na urefu juu ya mkondo, endesha upya, kisha linganisha ramani mpya na ya zamani na uwatumie maofisa wa kila wilaya mahali zinapotofautiana tu. Hilo ni jambo dogo kwao kulihakiki, na ndimo makosa mengi yamo.

Kila umbo litakalobaki lichukue maelezo yake: aina, msimu wa maji, miaka ya picha, chanzo, kama limehakikiwa kwa miguu au la, na kiwango cha uhakika. Andika vilevile, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ramani ya kipimo hiki haifai kuamua mpaka wa shamba la mtu. Mstari wako una unene wa mita kadhaa ardhini, na mahakama au ofisa wa ardhi anayetaka mpaka lazima atume mpimaji na kekee ya udongo mahali penyewe. Safari yako ya kwanza ya uhakiki iwe wiki chache baada ya maji kufika juu kabisa katika bonde lenye malalamiko mengi zaidi, na uende na yule ofisa aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wenzake.